Je, Yafaa Kumficha Mgonjwa Jina la Ugonjwa Wake?

Liko swali ambalo nyumba nyingi hulikuta siku moja, nazo aghalabu hulijibu kwa haraka, ukumbini mwa hospitali, kabla hazijapata nafasi ya kufikiri. Daktari amemwita ndugu wa mgonjwa kando. Amemwambia kwa sauti ndogo ya kwamba ugonjwa huu ni saratani. Mgonjwa mwenyewe yu kitandani, upande wa pili wa ukuta, anangoja. Je, ndugu huyo akiingia, amwambie nini?

Mimi nalipata kusimama katika ukumbi kama huo, nami nalijibu vibaya. Ndiyo sababu ya kuandika haya. Siandiki kama mwalimu aliye mbele ya darasa lake, bali kama mtu aliyekwisha kuanguka shimoni, awaambiaye wale wanaokuja nyuma yake ya kwamba hapa njiani pana shimo.

Kaka yangu alikuwa seremala. Alianza kushindwa kumeza. Kwanza ugali ulimkwama, akawa akinywa maji baada ya kila tonge. Baadaye akaacha ugali akala viazi vilivyopondwa. Halafu akabaki na uji. Twalisema ni kiungulia, twalisema ni vidonda vya tumbo, na miezi ikapita. Hata tulipofika hospitali, daktari alimpitishia mpira mwembamba wenye taa kooni, akakata kipande kidogo cha nyama ili kipimwe. Majibu yaliporudi aliniita mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma. Akasema ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Imekwisha kukua, walakini iko tiba ya mionzi ya kuipunguza ili apate kumeza, nayo hutolewa katika mji mwingine ulio mbali.

Nalirudi kwa kaka nikitabasamu. Njiani nalimnunulia chupa ya soda. Nikamwambia, "Kaka, ni kidonda tu cha kooni. Kitapona." Jioni wazee wa ukoo walinisifu, wakasema nimefanya vyema, maana jina lile lingemwua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Basi twalipomtaka aende mji ule wa mbali, alikataa. Alisema, "Kwa kidonda tu? Tuuze ng'ombe wawili kwa ajili ya kidonda?" Twalimsihi bila kumpa sababu, naye akatukatalia kwa sababu. Majuma yakapita. Hata usiku mmoja, alipokuwa amedhoofika sana, nami nimeketi karibu naye, aliniambia, "Mdogo wangu, mimi nalijua tangu siku ile. Tangu lini wewe ukaninunulia soda?" Akacheka kidogo, akakohoa. Nalimwuliza, "Kama ulijua, kaka, mbona ulikataa kwenda kutibiwa?" Akanijibu, "Nalifikiri, kama ungekuwa na dawa mngeniambia. Watu hawafichi ugonjwa wenye dawa." Baada ya siku tisa tulimzika.

Neno lile halijaniacha mpaka leo. Sisi twalidhani tumemficha ugonjwa. Kumbe ugonjwa haukufichika hata siku moja. Tulichomficha ni tiba. Tena twalijificha sisi wenyewe mbele yake, na yeye akajificha mbele yetu, hata tukawa chini ya paa moja miezi mitatu kama wageni. Wahenga walisema, Mficha maradhi kifo humwumbua. Methali hiyo tumezoea kumwambia mgonjwa. Sasa naona yatupasa pia kuwaambia ndugu zake.

Lakini tusikate neno kabla ya kulipima. Kwanza tujue kitu chenyewe tunachokiogopa.

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ambazo wataalamu huziita seli. Kila seli inayo maagizo yake ndani: wakati wa kuzaa nyingine, wakati wa kuacha, na wakati wa kufa ili nyingine ishike mahali pake. Ukijikata kidole, seli za ngozi huzaana hata jeraha lizibe, kisha huacha. Saratani huanza kwa seli ambayo maagizo yake yameharibika. Haisikii tena amri ya kuacha. Huzaa, na wazao wake huzaa, hata mara nyingi pakawa uvimbe. Nao hupenya katika nyama iliyo jirani, na baadhi yao huchukuliwa na damu hata mahali pa mbali, kama vile ini, mapafu au mifupa, wakaanza makao mapya huko. Wahenga walisema, Kikulacho ki nguoni mwako. Hiki ki ndani zaidi ya nguo, kwa maana ni mwili wenyewe ulioasi.

Yako mambo yanayoyaharibu maagizo hayo. Moshi wa tumbaku ni mmoja wa waharibifu wakubwa. Jua kali huwaharibu ngozi ndugu zetu wenye ualbino, ndiyo maana kofia pana na nguo ya mikono mirefu kwao si urembo bali ni kinga. Viko pia virusi vinavyoweza kuanzisha ubaya huo baada ya miaka mingi: kimoja huleta saratani ya shingo ya kizazi, na homa ya ini ya namna ya B huweza kuleta saratani ya ini. Walakini mara nyingi mtu huugua, wala hapana awezaye kusema kwa hakika ni kwa nini amepatwa yeye na jirani yake hakupatwa. Saratani yenyewe haiambukizi kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kumwosha, wala kwa kulala chumba kimoja naye. Amtengaye mgonjwa wa saratani kwa kuogopa kikombe chake amemwongezea ugonjwa wa pili bila ya sababu. Tena si kila uvimbe ni saratani. Hilo laweza kujulikana kwa kupimwa tu, si kwa kukisia.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tusidhani kwamba desturi ya kuficha ni ya ujinga wa vijijini. Mwaka 1961 daktari Donald Oken aliwauliza madaktari zaidi ya 200 wa hospitali moja ya Chicago, Marekani, kama wao huwaambia wagonjwa wa saratani ukweli. Karibu 90 katika kila 100 walijibu kwamba kwa kawaida hawawaambii. Walikuwa watu wenye elimu kubwa, na sababu zao zilikuwa zile zile za wazee wa ukoo wangu: jina hili litamvunja moyo, afadhali abaki na matumaini. Mwaka 1979 madaktari wengine wa nchi hiyo hiyo waliulizwa maswali kama yale, na 97 katika 100 wakajibu kwamba huona ni afadhali kumwambia mgonjwa. Katika miaka 18 tu jibu liligeuka juu chini.

Ni nini kilichogeuza? Bila shaka mambo ni mengi, lakini moja ni hili: zamani jina saratani lilikuwa kama hukumu isiyo na rufani, na kidogo kidogo likawa pia mlango wa kuingilia katika tiba. Sehemu moja ya habari hiyo ilitokea hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957 daktari mpasuaji aliyeitwa Denis Burkitt, Mkristo mwenye bidii kutoka Ireland, aliitwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, amwangalie mtoto mwenye uvimbe mataya yote mawili. Baadaye kidogo akamwona mwingine wa namna ile ile huko Jinja, akaanza kuuliza ni ugonjwa gani huu. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wa misioni, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa motokaa kuukuu yapata maili 10,000, wakipita hospitali kwa hospitali kutoka Uganda hata kusini mwa Afrika, wakiuliza kila mahali, "Je, mwapata watoto kama hawa?" Wakaona ya kwamba uvimbe ule hupatikana zaidi katika nchi za joto na mvua, zenye malaria nyingi. Mwaka 1964 wataalamu wa London walikuta kirusi katika seli za uvimbe ule. Na jambo lililo kubwa kwa wazazi ni hili: Burkitt alipowapa watoto wale dawa, baadhi yao uvimbe uliyeyuka katika siku chache, na wengine walipona kabisa. Saratani ile huitwa kwa jina lake hata leo.

Ugonjwa ule ulitibika kwa sababu watu waliuangalia usoni, wakauuliza habari zake waziwazi hospitali kwa hospitali. Kama kila mzazi angalimfungia mtoto wake chumbani kwa haya, Burkitt asingaliona neno.

Hata hivyo mtu aweza kusema, "Vema, daktari na ajue, na ndugu wajue. Mgonjwa mwenyewe ana haja gani? Yeye anywe dawa tu. Hata wahenga walisema, Mgonjwa haulizwi uji." Hoja hii ina nguvu kwa ugonjwa wa siku mbili. Kwa saratani haifai, kwa sababu ya namna tiba zake zilivyo.

Tiba kubwa za saratani zilizozoeleka ni tatu. Ya kwanza ni upasuaji, yaani kuuondoa uvimbe pamoja na nyama iliyo karibu nao. Na mara nyingine hapana budi kuondoa titi zima, au kizazi, au mguu. Ya pili ni mionzi, ambayo huzipiga seli zilizoasi hata zisiweze kuzaa tena. Mgonjwa haisikii inapopita, lakini baadaye huchoka, na ngozi yaweza kuungua na kuwa nyeusi. Ya tatu ni dawa kali ambazo mara nyingi hutiwa mshipani, zamu kwa zamu, muda wa miezi. Dawa hizo huziua seli zinazozaana upesi. Na kwa kuwa mashina ya nywele, na ngozi ya kinywa, na viwanda vya damu ndani ya mifupa navyo huzaana upesi, basi navyo huumizwa. Nywele hunyonyoka, kinywa huota vidonda, chakula hutapikwa, damu hupungua.

Mfikirini basi mtu asiyejua jina la ugonjwa wake. Aliingia hospitali na uvimbe mdogo usiouma. Wamemkata titi. Wamemtia dawa, naye anatapika kuliko siku zote za maisha yake. Anashika kichwa, nywele zinabaki mkononi. Atafikiri nini? Atafikiri kwamba hospitali inamwua, au kwamba kuna mtu aliyemroga. Atatoroka baada ya zamu ya pili, na ugonjwa utarudi. Lakini yule aliyeelezwa mapema, "Ndugu, una saratani, dawa hii itakuumiza kwa muda, nywele zitaanguka kisha zitaota tena," huyo yuko vitani, naye anajua adui ni nani na mwenzake ni nani. Mtu aweza kustahimili maumivu mengi akijua maana yake. Maumivu yasiyo na maana huvunja mifupa ya roho.

Tena roho nayo huugua pamoja na mwili, na jambo hili hatulisemi vya kutosha. Mwanamke aliyekatwa titi hulilia titi lake, hata kama amepona. Asiambiwe kwamba hana shukrani. Mwanamume asiyeweza tena kushika jembe huona aibu mbele ya watoto wake. Wengine hukasirika, wakamkasirikia hata anayewapa uji. Wengine hawalali usiku. Wako waliokwisha kumaliza tiba zote, na jirani wakawapigia vigelegele, nao kila wasikiapo kichomi kidogo moyo huruka: je, umerudi? Na huzuni ikikaa juma baada ya juma, mtu akakataa chakula na mazungumzo na kuona maisha hayana faida, hiyo nayo yaweza kuwa ugonjwa wenye tiba, si udhaifu wa imani. Mambo haya yote mgonjwa hawezi kuyasema kwa mtu anayemwambia kila asubuhi, "Ni kidonda tu." Uongo wetu humfunga kinywa. Leo Tolstoy, mwandishi wa Urusi, mwaka 1886 alitoa hadithi ya mtu anayekufa ambaye kilichomtesa kupita maumivu yake ni kuona watu wa nyumbani mwake wakijifanya kwamba ana ugonjwa mdogo tu. Mmoja tu ndiye aliyemliwaza, mtumishi wake kijana wa shamba, kwa kuwa huyo hakujifanya, naye hakuchoka kukaa naye.

Sasa iko hoja ngumu zaidi. "Je, kama tiba ya kuponya haiko? Kama ugonjwa umekwisha kuenea? Hapo ukweli una faida gani?" Najibu kwa mfano tunaoujua wote. Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya hakuwaambia watumishi ukumbini na kumwacha mfalme na tabasamu. Aliingia kwake, akamwambia mwenyewe ya kwamba kifo kinakuja, na kwamba apange mambo ya nyumba yake. Hezekia aligeukia ukuta, akalia sana, akaomba. Nasi twajua ya kwamba aliongezewa miaka 15. Lakini hata kama asingaliongezewa siku moja, je, Isaya angalikuwa amekosa? Mimi nasema hapana. Alimpa mtu nafasi ya kulia machozi yake mwenyewe na kusali sala yake mwenyewe. Kaka yangu hatukumpa. Alikuwa na deni la mbao ambalo yeye tu ndiye aliyelijua. Alikuwa na neno la kupatana na mwanawe mkubwa. Yote hayo yalikwenda naye kaburini, kwa kuwa mtu mwenye kidonda tu hana sababu ya kuita wanawe na kuagana nao.

Wala si kweli kwamba tiba ya kuponya ikikosekana hapana tena la kufanya. Mwanamke Mwingereza, Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kwanza na daktari baadaye, mwaka 1967 alifungua London nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasioponyeka. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu huyo ni ya namna nyingi kwa pamoja: ya mwili, ya moyo, ya roho, na ya wasiwasi juu ya nyumba yake, wala huwezi kutuliza moja na kuyaacha mengine. Kazi ya namna hiyo ilianza Nairobi mwaka 1990, na mwaka 1993 daktari Anne Merriman akaianzisha Uganda, ambako mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, huchanganywa na maji ikanywewa kama dawa ya kikohozi, mgonjwa akiwa kwake nyumbani. Hata pasipo kupona, basi, mtu aweza kulala usingizi, kucheka na wajukuu, na kuimba. Lakini nani ataomba mofini kwa ajili ya kidonda tu?

Hata hapa nimesema upande mmoja. Haki yataka niseme na wa pili, maana ukweli nao waweza kuwa fimbo. Niliwahi kusikia habari za mtu aliyeambiwa ugonjwa wake amesimama mlangoni, watu wakipita, kisha mwenye kumwambia akaenda zake. Huo ulikuwa ukweli, lakini haukuwa upendo. Basi asemaye na azingatie mambo haya.

Kwanza, aulize kabla ya kusema. "Wewe mwenyewe waonaje ugonjwa huu? Wapenda kujua yote, au wapenda nimweleze fulani?" Wako watu, hasa wazee, watakaojibu, "Mwanangu, zungumza na daktari wewe. Mimi nimejiweka mikononi mwa Mungu." Hao nao waheshimiwe. Kumlazimisha mtu kusikia si bora kuliko kumkataza kusikia. Neno ni lake. Na achague yeye kiasi chake na wakati wake. Kwa hiyo ile methali ya uji naigeuza: katika jambo hili, mgonjwa aulizwe.

Pili, asihesabu siku za mtu. Daktari aweza kujua mwenendo wa ugonjwa. Siku za mtu mmoja hapana anayezijua. Wala asiahidi asichoweza kukitimiza, kama vile "utapona bila shaka." Na aahidi kile kilicho katika uwezo wake: "Sitakuacha."

Tatu, asitafute dhambi. Wako Wakristo waingiao chumbani mwa mgonjwa wakimwuliza ametenda nini, au wakimwambia kwamba angekuwa na imani angekwisha kupona. Wanafunzi walimwuliza Bwana wetu habari za mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, naye hakuwaruhusu kulichukua swali hilo mbele. Rafiki za Ayubu walipofika waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, bila kusema neno, na katika siku hizo hawakukosa. Walianza kukosa walipofumbua vinywa ili kumweleza sababu. Wala mtu asiache dawa kwa kisingizio cha maombi. Isaya yule yule aliyepeleka neno la Bwana kwa Hezekia ndiye aliyeagiza kipande cha tini kiwekwe juu ya jipu lake. Sala na dawa vilitoka katika kinywa kimoja.

Nne, asiseme kisha akaondoka. Jambo hili ndilo kubwa kuliko yote. Nimefikiri sana juu ya siku ile ya soda, nami naona kwamba sikumficha kaka kwa kumhurumia yeye tu. Nalijihurumia mimi. Naliogopa kuwapo atakapolia. Uongo ulinipa ruhusa ya kutoka chumbani mapema. Mara nyingi huruma yetu ndiyo hiyo: twasema twamkinga mgonjwa, na kumbe twaikinga hofu yetu. Swali la kweli, basi, si kama mgonjwa ataweza kuusikia ukweli. Swali ni kama sisi tutaweza kukaa naye akiisha kuusikia.

Na yule anayeujua ugonjwa mapema amepewa zaidi. Uvimbe katika titi, damu isiyo ya kawaida kwa mwanamke, kidonda kisichopona, chakula kinachokwama, kikohozi kisichokoma, kukonda bila sababu: hayo yapelekwe hospitali bila kukawia, hata kama huenda ni jambo dogo. Mlango wa kizazi waweza kuchunguzwa hata katika zahanati kwa kupakwa siki, ambayo huonyesha weupe mahali palipoanza kubadilika, kabla ugonjwa haujawa ugonjwa. Wasichana hukingwa kwa chanjo dhidi ya kirusi cha shingo ya kizazi, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Wazazi wasiikimbie kwa uvumi. Kwa walio wagonjwa, Dar es Salaam iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1996 katika hospitali ya zamani ya Wadachi. Na Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi nazo hutibu saratani. Lakini milango hiyo yote hufunguliwa kwa ufunguo mmoja, nao ni kulitaja jina.

Wasomaji wapenzi, kama siku ile ingerudi, ningeiacha soda dukani. Ningeingia, nikafunga mlango, nikaketi kitandani kwake, nikamwuliza, "Kaka, wapenda nikuambie alivyosema daktari?" Nadhani angeitika, maana alikuwa mtu wa kupima ubao kabla ya kuukata. Ningemwambia ni saratani, na kwamba iko tiba mji wa mbali, si ya kuahidi kupona, ila ya kumwezesha kula. Pengine angegeukia ukuta kama Hezekia. Ningengoja. Kisha tungehesabu ng'ombe pamoja, na yeye ndiye angeamua kama wauzwe au wasiuzwe, kwa maana maisha yalikuwa yake, na ng'ombe walikuwa wake pia.

Mungu na atupe sisi sote kweli katika vinywa vyetu, na uvumilivu wa kuketi baada ya kuisema.